Paul Galvin, aliyefilisika mara mbili kabla ya kuitia redio ndani ya gari

Kufunga redio katika gari siku hizi huonekana kuwa kazi ndogo. Mwenye gari hununua redio mpya au iliyokwisha kutumika, huchomoa ile ya zamani kutoka kwenye dashibodi, huunganisha waya chache, na jioni husikiliza taarifa ya habari akiwa safarini. Aliyeifanya kazi hiyo iwezekane kwa watu wasio matajiri hajulikani sana katika Afrika Mashariki, ingawa jina alilolibuni kwa ajili ya redio zake, Motorola, baadaye lilionekana kwenye simu za mkononi za wengi. Ni Paul Vincent Galvin, Mmarekani ambaye hakuwa mhandisi, hakumaliza chuo kikuu, na ambaye kabla ya kutimiza miaka 34 alikuwa ameshuhudia biashara mbili zikifa mikononi mwake.

Katika tarafa ya Kanzenze, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, redio ya gari ina uzito wake. Huko ndiko kuliko Nkamira, kituo cha muda ambacho kimepokea wakimbizi wengi waliovuka mpaka kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiswahili ni lugha inayowaunganisha wengi wao, kama kilivyo pia lugha ya madereva, ya mafundi wa gereji na ya wafanyabiashara wa mpakani, katika nchi ambayo karibu kila mtu huzungumza Kinyarwanda nyumbani kwake. Gari likisimama kando ya njia na milango yake ikaachwa wazi wakati wa taarifa ya habari, redio yake huwa ya wote waliopo. Kwa mtu mwenye jamaa upande wa pili wa mpaka, habari ya barabara iliyofungwa au ya kijiji kilichoshambuliwa si kitu cha kupitishia muda. Ndiyo maana redio inayokoroma kila injini inapoongezwa kasi ni hasara ya kweli, na ndiyo maana maisha ya mtu aliyepambana na mkoromo huo kabla ya wengi yanafaa kusimuliwa.

Bisi, betri na kufuli mlangoni

Galvin alizaliwa Juni 1895 katika mji wa Harvard, jimbo la Illinois. Harvard hiyo isichanganywe na chuo kikuu chenye jina hilo. Ulikuwa mji mdogo wa wakulima, uliopata uhai wake kutokana na treni zilizosimama hapo. Akiwa bado mvulana aliwauzia abiria wa treni hizo bisi, akipanda mabehewa na kushuka kabla safari haijaendelea. Wavulana wengine walimwiga, na ushindani ukawa mkali. Wanaoyasoma maisha yake hupenda kuanzia hapo, na si bure: karibu kila alichokifanya baadaye kilikuwa na sura hiyo hiyo ya kumfuata mnunuzi alipo, akiwa safarini.

Alisoma Chuo Kikuu cha Illinois kwa miaka miwili, akaacha. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ufaransa akiwa ofisa wa kikosi cha mizinga. Aliporudi alimwoa Lillian Guinan mwaka 1920, na mwaka uliofuata akaungana na rafiki yake Edward Stewart kuanzisha kiwanda cha betri katika mji wa Marshfield, jimbo la Wisconsin. Biashara hiyo haikudumu. Mwaka 1923 serikali iliweka kufuli kwenye mlango wa kiwanda kwa sababu ya deni la kodi, na inasimuliwa kwamba Galvin hakuruhusiwa hata kuingia kulichukua koti lake. Alirudi Chicago akiwa na mke na mtoto mchanga, Robert, aliyezaliwa Oktoba 1922, akaajiriwa katika kampuni ya peremende ya Brach kama msaidizi wa mwenye kampuni.

Mtu mwingine angekaa hapo. Galvin alijiunga tena na Stewart mwaka 1926, safari hii mjini Chicago, na betri zikawaangusha mara ya pili. Katika mabaki ya kampuni hiyo palikuwa na kifaa kimoja ambacho Galvin aliamini kina soko: kisanduku kilichoiwezesha redio ya nyumbani, ambayo wakati huo ilitumia betri, kutumia umeme wa ukutani. Kampuni ilipouzwa kwa mnada mwaka 1928, alikinunua kitengo hicho kwa dola 750. Tarehe 25 Septemba mwaka huo, yeye na ndugu yake Joseph walianza Galvin Manufacturing Corporation wakiwa na wafanyakazi watano na mtaji wa dola 565.

Wakati haukumwonea huruma. Redio mpya zilianza kutoka viwandani zikiwa tayari zinatumia umeme wa nyumbani, na kisanduku chake kikawa hakihitajiki. Kisha, Oktoba 1929, soko la hisa la New York likaporomoka. Maghala ya wenye viwanda vikubwa yalijaa redio zisizouzika, wakaanza kuzimwaga sokoni kwa bei ambayo kiwanda kidogo hakingeweza kushindana nayo. Galvin alikuwa na watu wa kuwalipa na bidhaa ambayo hakuna aliyeitaka.

Kelele ndani ya boneti

Alikuwa amesikia kwamba huko mashariki mwa nchi walikuwapo mafundi waliofunga redio katika magari ya matajiri, moja moja, kwa bei kubwa. Yeye hakuwa wa kwanza. Kampuni iliyouza redio za gari kwa jina la Transitone ilikuwa imemtangulia kwa miaka kadhaa. Alichokiona Galvin ni pengo lililokuwa kati ya tajiri mwenye fundi wake na mamilioni ya Wamarekani waliokuwa na gari la kawaida. Redio ya gari ambayo wao wangeweza kuinunua haikuwapo.

Ugumu ulikuwa mwingi, na ule mkubwa kuliko yote haukuwa ndani ya redio. Ulikuwa ndani ya gari lenyewe. Plagi ya injini hufanya kazi kwa kuruka kwa cheche, na kila cheche hutoa wimbi la redio. Mitambo ya kwanza kabisa ya kurushia ishara bila waya, ile ya Marconi, ilitumia cheche vivyo hivyo. Kwa hiyo gari lenye injini inayonguruma ni kituo cha kurushia matangazo bila mwenyewe kukusudia, na matangazo yake ni makelele matupu. Ongeza hapo dainamo, ambayo brashi zake hutoa cheche ndogo ndogo zikisugua shaba, ongeza na umeme tuli unaojikusanya kwenye magurudumu yanayozunguka juu ya barabara kavu, utaelewa kwa nini wajuzi wengi wa wakati huo waliiona redio ya gari kuwa mchezo wa kitoto.

Galvin aliwakusanya vijana waliokuwa tayari kukesha. Mmoja wao alikuwa William Lear, fundi wa kujifunzia mwenyewe, ambaye baadaye jina lake lilipewa ndege ndogo za Learjet. Mwingine alikuwa Elmer Wavering, kijana kutoka mji wa Quincy aliyependa vifaa vya redio tangu utotoni. Walifanya kazi kwenye gari la Galvin, aina ya Studebaker. Dawa waliyoitumia haikuwa moja. Rezista ziliwekwa kwenye waya za plagi ili kuipunguza nguvu ya kelele. Kapasita zikafungwa kwenye dainamo ili kuumeza mtetemo wa umeme. Waya zikafunikwa kwa chuma na kila kipande cha bati kikaunganishwa vizuri na mwili wa gari. Kelele moja ikinyamazishwa, nyingine iliyokuwa imefichwa nyuma yake ilijitokeza.

Bila fedha za kiwanda kingekufa kabla ya redio kukamilika, basi Galvin akamwendea mtu wa benki kuomba mkopo. Ili kumshawishi, inasimuliwa, alimfungia redio katika gari lake la fahari, aina ya Packard. Muda mfupi baadaye gari hilo likashika moto. Mkopo haukutolewa.

Juni 1930 watengenezaji wa redio wa Marekani walikutana Atlantic City, mji wa pwani wa jimbo la New Jersey. Galvin hakuwa na fedha za kukodi kibanda katika maonyesho yao. Alimpakia mke wake na mwanawe kwenye Studebaker, akaendesha zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Chicago, akaliegesha gari nje ya ukumbi na kuifungua redio kwa sauti ya juu. Waliokuwa wakiingia na kutoka walisimama kusikiliza. Hakurudi na utajiri, lakini alirudi na oda za kutosha kuanzia kazi. Ndipo akabuni jina la kuuzia: mwanzo wa neno la gari lenye mota, na mwisho uliozoeleka wakati huo katika majina ya vyombo vya muziki, kama vile Victrola. Redio ya kwanza iliyobeba jina la Motorola ilikuwa modeli 5T71.

Fundi kwanza, redio baadaye

Ilikuwa ghali. Pamoja na kazi ya kuifunga, ilimgharimu mnunuzi kati ya dola 110 na 130, wakati gari jipya la kawaida la Ford Model A lilipatikana kwa chini ya dola 600. Mwaka huo kampuni ilipata hasara.

Na kuifunga yenyewe! Mafundi wawili wangeweza kutumia siku kadhaa kwenye gari moja. Dashibodi ilibidi ifunguliwe ili spika ipate mahali. Kitambaa cha dari kilichanwa ili antena, ambayo ilikuwa wavu wa waya, itandazwe juu ya vichwa vya abiria. Sakafu ilitobolewa, kwa sababu valvu za redio zilihitaji volti nyingi kuliko zile sita za betri ya gari la wakati huo, na betri za ziada zilikaa kwenye sanduku chini ya miguu. Kitufe cha kutafutia stesheni kilifungwa kwenye mhimili wa usukani. Fundi aliyekosea mahali pamoja alimrudishia mteja gari lenye matundu, lenye dari iliyoharibika na redio inayokoroma. Mteja huyo hakumlaumu fundi, alimlaumu mwenye jina lililoandikwa kwenye redio.

Hapo ndipo ilipoonekana akili ya Galvin, na pengine ni hapo, kuliko katika redio yenyewe, alipowashinda wenzake. Alielewa kwamba anachokiuza hakijakamilika kinapotoka kiwandani. Kinakamilika mikononi mwa fundi asiyemjua, katika gereji asiyoiona. Kampuni ikaanza kuwafundisha mafundi na kuandaa maelekezo kwa ajili ya magari ya aina mbalimbali. Mwaka 1934 alikubaliana na kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich kwamba maduka yake yauze redio hizo na kuzifunga papo hapo. Kufikia hapo bei, pamoja na kufungiwa, ilikuwa imeshuka hadi dola 55. Nusu ya bei ya awali au chini yake, ndani ya miaka minne, katikati ya mdororo mbaya wa uchumi.

Upinzani haukukosekana. Katika baadhi ya majimbo, Massachusetts likiwemo, walikuwapo waliotaka redio za gari zipigwe marufuku kwa hoja kwamba zitamfanya dereva asahau barabara au kumtia usingizi. Mjadala huo haujafa hata leo; umehamia kwenye simu.

Yanayobaki hadi sasa

Anayejifungia redio mwenyewe leo hahitaji kuichana dari. Redio za kisasa za kuongezwa hufuata mpangilio wa rangi unaofanana: waya wa manjano hupata umeme wa betri wakati wote ili kumbukumbu ya stesheni isipotee, mwekundu hupata umeme funguo inapozungushwa, mweusi hufungwa kwenye chuma cha gari, na jozi nne za rangi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau huenda kwenye spika. Anayeanza kwa kuutoa mdomo hasi wa betri hujiepusha na cheche, na anayeiacha fyuzi mahali pake hujiepusha na yale yaliyolipata lile gari la mtu wa benki. Magari madogo hutumia volti 12. Malori mengi hutumia 24, na redio ya volti 12 iliyounganishwa moja kwa moja na betri za lori huungua bila onyo.

Upande wa Rubavu kuna tatizo jingine ambalo Galvin hakulijua. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, hupita magari mengi yenye usukani wa kulia yaliyotoka Japani. Redio zao za asili zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Kijapani, ambayo kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 na kukoma kwenye 90. Stesheni za Rwanda na Kongo huanzia karibu na 88 na kwenda hadi 108. Dereva huzungusha kitufe hadi mwisho na kupata stesheni chache tu, au asipate yoyote, akadhani redio imekufa. Redio nzima, masafa siyo. Ndiyo sababu moja kubwa inayowafanya wengi watafute redio nyingine ya kuifunga badala yake.

FM nayo ina uhusiano na maisha ya Galvin. Mwaka 1936 alizuru Ulaya pamoja na familia yake, na aliyoyaona Ujerumani yalimshawishi kwamba vita vinakuja. Kampuni, ambayo mwaka huo huo ilianza kuuza redio za gari kwa ajili ya polisi, ikaelekeza nguvu kwenye mawasiliano ya watu walio katika mwendo. Mwaka 1940 alimwajiri Daniel Noble, mhadhiri wa Connecticut aliyekuwa ameutengenezea polisi wa jimbo lake mtandao wa redio za FM. FM husumbuliwa na cheche za injini kidogo sana kuliko mawimbi ya kati. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana redio ya mgongoni SCR-300, yenye uzito wa zaidi ya kilo 15, iliyobebwa na askari katika Vita Kuu ya Pili. Kabla yake kampuni ilikuwa imetoa SCR-536, iliyoshikwa kwa mkono mmoja. FM ina udhaifu wake pia: husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na katika nchi ya milima na volkano kama ile inayozunguka Kanzenze, kilima kimoja hutosha kuinyamazisha stesheni mpaka gari lipite upande wa pili. Kasoro hiyo hakuna fundi anayeweza kuiondoa kwa waya.

Vita vilikuwa vimeleta faida kwa kampuni, lakini nyumbani kwa Galvin viliambatana na msiba usiohusiana navyo. Oktoba 1942 mke wake Lillian na mtumishi wao wa nyumbani waliuawa ndani ya nyumba ya familia mjini Evanston, karibu na Chicago. Muuaji hakupatikana. Miaka miwili baadaye alifariki ndugu yake Joseph, aliyeanza naye kampuni. Galvin alioa tena mwaka 1945 na kuendelea na kazi, ingawa waliomfahamu waliona kwamba alikuwa mtu mwingine.

Mwaka 1947 kampuni ilichukua rasmi jina la redio yake na kuitwa Motorola. Mwaka huo huo ilianza kuuza televisheni kwa chini ya dola 200, na kuweka mpango wa kugawana faida na wafanyakazi. Mwaka 1949, kwa ushauri wa Noble, ilifungua maabara Phoenix, Arizona, na katikati ya miaka ya 1950 maabara hiyo ikatoa transista yenye nguvu ya kutosha kuendesha spika ya gari. Transista haikuhitaji volti nyingi kama valvu. Kuanzia hapo redio ya gari ikaanza kupungua hadi kufikia ukubwa unaoingia kwenye tundu la dashibodi.

Mwaka 1956 mwanawe Robert, yule aliyekuwa mtoto kwenye Studebaker ya Atlantic City, akawa rais wa kampuni. Paul Galvin alifariki kwa saratani ya damu tarehe 5 Novemba 1959, akiwa na umri wa miaka 64. Hakuiona simu ya mkononi ambayo wahandisi wa kampuni yake waliionyesha mwaka 1973. Elmer Wavering, mmoja wa vijana waliozinyamazisha plagi za gari lake, alipanda hadi kuwa rais wa Motorola katika miaka ya 1960, na akaongoza kazi ya kutengeneza oltaneta, mashine ya kuchaji betri iliyochukua nafasi ya dainamo. Oltaneta hutoa umeme mwingi zaidi na kudumu zaidi. Ina pia mlio wake mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini, na husikika kwenye spika za redio yoyote ambayo waya wake mweusi umefungwa juu ya rangi au kutu badala ya chuma kilichokwanguliwa.